Bahari Imevuka

Saa kumi alfajiri simu inalia. Ni Delphis wa idara ya barabara:
"Odile, bahari imevuka."
Hasemi zaidi. Miaka kumi na tisa kazini pamoja,
maneno tumeyapunguza, kama wawili wanaobeba kabati ngazini.

Navaa buti juu ya soksi mbili, najaza chupa ya chai,
naliwasha tingatinga. Linakohoa, linakataa, linakubali.
Dhoruba imekwisha kwenda zake Newfoundland
na lile jina zuri walilompa mjini.
Sisi wa Cape Breton katuachia taka.

Taa zinamulika: hakuna barabara.
Palipokuwa na lami pana mawe,
ya ukubwa wa mkate, ya ukubwa wa kichwa cha ndama,
yamelaliana kama watu waliokimbilia ukumbi wa kanisa.
Mwani mweusi, mrefu kuliko nyumba.
Mitego ya kamba-mti thelathini na miwili, nimeihesabu,
imefumwa yote kwa kamba moja ya buluu.
Kiatu. Kopo la rangi.
Friji ya Léonce Marchand, mlango wazi,
na ndani yake kaa, mzima,
ameketi kwenye rafu ya siagi.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Hawakuajiriwa na idara ya barabara.
Mimi huyazoa. Kijiko kwa kijiko cha chuma,
bahari iliyomwagika naizoa,
naimwagia bahari.

Mwisho wa ulimi huu wa nchi kuna nyumba kumi na nne.
Katika ya tisa anaishi Zélie Fougère.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi
husafishwa damu kwa mashine, mjini.
Leo Alhamisi.
Gari lake huja saa mbili na nusu.
Hajanipigia simu, hapigi kamwe.
Huwasha tu taa ya barazani,
nami nilipo naiona: kitone cha njano.
Naye ananiona, najua: kitone cha rangi ya chungwa,
kinakwenda mbele, kinarudi nyuma,
kinakwenda mbele.

Kunapambazuka kijivu. Kijana mmoja, mgeni,
amesogeza kizuizi, simu mkononi.
Anataka picha ya mawimbi.
Sina ufasaha wa kugombeza watu.
Namwonyesha ukingo wa chuma wa barabara,
ulivyokunjwa usiku huu kama kijiko cha mtoto.
Anautazama sana.
Anakwenda kukirudisha kizuizi mahali pake,
kisha anarudi, anauliza kama nina beleshi.

Baba alifanya kazi hii kabla yangu.
Mwaka mmoja alichagua jiwe,
akalipaka rangi nyeupe iliyobaki ya mashua,
akalisukuma majini. "Tuone," akasema.
Lilimrudia mara sita akiwa hai.
Mara mbili tangu tumzike.
Rangi imebaki ufito tu, upande mmoja,
kama kucha.
Silitafuti.
Kila kijiko kinapoinuka nainama kidogo, basi.

Mhandisi alikuja kiangazi na ramani.
Barabara itahamia mlimani, alisema, miaka mitano, labda saba.
Mstari mwekundu ulipita jikoni kwa Léonce.
Léonce akauliza kama ataletewa chai huko huko
au aipitie njiani.

Saa mbili na dakika ishirini na moja: njia moja wazi,
nyembamba, imechubuka, inanuka chumvi na dizeli.
Gari linapita polepole. Zélie hapungi mkono.
Anagusa kioo kwa vidole viwili.

"Hili lina rangi," kijana anaita kutoka mtaroni.
"Liache," nasema. "Liache hapo hapo."
Nashuka. Magoti yananiuma.

Kaa nilimsahau.
Nilipoirudia friji, rafu ya siagi ilikuwa tupu,
na lami iliyosafishwa ilikuwa na vidonda vidogo vya maji
vikielekea
ng'ambo isiyo ya bahari.